Pine za theluji kwenye barabara ya mvua

Likasi – Mtu aliyezaliwa na kukaa Likasi hajawahi kuona theluji ikianguka juu ya paa la nyumba yake. Mji uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10, mpaka watoto wanaenda masomo wamevaa majaketi mawili. Baridi inaishia hapo. Mvua ya mawe huanguka mara moja moja. Watoto wanaokota vipande, wanavitia mdomoni, na kabla ya nusu saa vyote vimeyeyuka. Theluji ya kudumu ya Kongo iko juu ya Ruwenzori, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, na wanaoifuata huko wanapanda kwa miguu.

Hata hivyo pine za theluji ziko Likasi, na ni nyingi. Nenda mahali zinapouzwa pine za okazio, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine kando ya barabara. Inama, futa vumbi ubavuni, kisha soma. Kwenye nyingine utakuta mchoro mdogo wa mlima wenye ncha tatu, na ndani ya mlima kuna nyota ya theluji. Kwenye nyingine utakuta herufi M+S, yaani matope na theluji. Kwenye zile za Japani utakuta neno moja kwa herufi kubwa: STUDLESS. Wapo wanaoliona neno hilo kila siku na kudhani ni jina la kiwanda.

Neno hilo lina historia yake. Kaskazini mwa Japani, hasa kwenye kisiwa cha Hokkaido, theluji hukaa chini kwa miezi mingi. Zamani watu wa huko walifunga pine zenye misumari ya chuma ili zikamate barafu. Misumari ile ilikwangua lami, lami ikageuka vumbi, na vumbi likaingia vifuani mwa watu. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia pine za misumari kwa sababu ya vumbi hilo. Viwanda vilikuwa vimeshaanza kutafuta njia nyingine: mpira laini sana, usiokuwa mgumu hata baridi ikizidi, wenye mikato midogo mingi inayoshika barafu kama vidole. Hiyo ndiyo pine isiyo na misumari, na ndiyo maana ya neno lile ubavuni. Mtu wa Likasi, anayejua vumbi la mgodi na vumbi la barabara, hana shida ya kuwaelewa Wajapani kwa jambo hilo.

Sasa, motokari nyingi za okazio zinazoingia Katanga zinatoka Japani. Zinashuka bandarini, Dar es Salaam au Durban, zinapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Motokari iliyouzwa Hokkaido katikati ya baridi inapanda meli na viatu vyake vya theluji miguuni. Njiani hakuna mtu mwenye sababu ya kuivua. Inafika Likasi hivyo hivyo, pine zikiwa na mifereji mirefu, na mnunuzi anafurahi.

Ndivyo alivyofurahi shofere mmoja wa komini ya Kikula, baba wa watoto watano, aliponunua Toyota Noah ya namna hiyo. Kazi yake ni kupeleka watu Lubumbashi na kuwarudisha, kama kilomita 120 kwenda na nyingine 120 kurudi, na siku nyingine Kambove au Fungurume. Alipoziona zile pine nne, nene na laini, alihesabu kwamba hatanunua nyingine kwa miaka mitatu. Aliwaonyesha wenzake pale wanapongojea wasafiri. Walizibonyeza kwa kidole, wakasema amepata bahati.

Na mwanzoni ilikuwa bahati kweli. Mwezi wa kwanza, barabara za ndani za Kikula zilipokuwa uji mwekundu, Noah yake ilipita mahali ambapo wengine walisukumwa. Kwenye udongo laini, kwa mwendo wa pole, mikato ile ya pine ya theluji inasaidia. Hilo lisipingwe. Shida ni kwamba shofere wa Likasi hapati mkate wake kwenye matope ya mtaa. Anaupata kwenye lami ya barabara ya kitaifa nambari 1, kwa kilomita 80 au 90 kwa saa, akiwa amejaza watu na mifuko.

Mpira wa pine ya theluji umetengenezwa kwa baridi ya chini ya digrii 7. Hapo pine ya kawaida inakuwa ngumu na kuteleza, na ile ya theluji inabaki laini. Joto likipanda juu ya hapo, mambo yanageuka. Mpira laini unakuwa laini kupita kiasi. Unajipinda chini ya uzito, unachelewa kusimamisha motokari, unajisugua na kwisha. Huku Likasi saa za kufaa pine hiyo ni alfajiri chache za mwezi wa saba, na wakati huo hakuna hata tone la mvua barabarani. Mwezi wa kumi, jua linapopiga mpaka digrii 30 na zaidi, lami inachoma mguu mtupu. Pine iliyozaliwa kwa ajili ya barafu inazunguka juu ya lami hiyo siku nzima.

Kufika mwisho wa kiangazi, pine za yule shofere zilikuwa zimepoteza zaidi ya nusu ya mifereji yake. Pine nyingi za theluji za Japani zina alama ya nusu, kijiwe kidogo cha mpira ndani ya mfereji: ukifika pale, kule Japani wanasema pine hiyo haina kazi tena kwenye theluji. Hapa hakuna aliyekuwa akiitazama alama hiyo. Shofere aliona tu kwamba zimepungua, akajisemea zitamaliza mvua moja zaidi.

Mvua ya kwanza ilikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi. Wanaoendesha barabara hii wanajua kwamba mvua ya kwanza ni mbaya kuliko ya kumi. Tangu mwezi wa tano lami imekunywa mazutu na mafuta ya malori, na juu yake limekaa vumbi. Matone ya kwanza hayaoshi kitu. Yanachanganya vile vyote na kufanya utelezi kama wa bamia. Mvua ikishapiga saa moja kwa nguvu, barabara inakuwa afadhali. Lakini ile nusu saa ya kwanza imeshaharibu maisha ya watu wengi.

Alikuwa anarudi kutoka Lubumbashi, wasafiri saba ndani. Kwenye mteremko mmoja, mbele yake, mwanamume alikuwa anasukuma kinga yenye mifuko ya makala, mitatu imesimama na mmoja umelala juu, kama tunavyowaona kila siku. Lori lilikuwa linakuja upande mwingine, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kupita. Shofere alikanyaga freni mapema, kama alivyozoea. Motokari haikusimama. Iliendelea kushuka kimya, kama kwamba hakuna mtu aliyeiambia kitu. Aliachia freni, akakanyaga tena, akaelekeza usukani kwenye ukingo. Noah ilisimama imelala upande, magurudumu mawili kwenye udongo, na kioo cha pembeni kimegusa mfuko wa makala.

Mwenye kinga hakupiga kelele. Alitazama motokari, akatazama mfuko, akaupanga vizuri na kukaza kamba. Kisha akasema, “Papa, leo ilikuwa yangu na yako,” akaendelea kusukuma. Ndani ya motokari mama mmoja alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo. Shofere alikaa dakika nyingi bila kuwasha.

Angekuwa na kazi ya kuchukua wasafiri peke yake, labda angepumzika siku mbili na kusahau. Lakini kulikuwa na jambo lingine. Mama yake mzazi ana ugonjwa wa presha ndani ya macho, na daktari wa Lubumbashi anataka kumwona kila wiki sita ili apime na kubadili dawa. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia bado linaona, na daktari alisema wazi: ugonjwa huu haurudishi kile ulichokwisha kuchukua. Siku iliyopangwa ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na moja. Barabara ni ileile, mteremko ni uleule, na mvua sasa zimeanza. Yule aliyekuwa karibu kugongwa hakuwa mtu wake. Anayefuata kukaa ndani ya motokari ile ni mama yake.

Jioni hiyo alipiga picha ya pine zake na kumtumia mtoto wa dada yake anayekaa Montréal. Jibu lilikuja kwa sauti, saa za usiku, na yeye akalisikiliza mara tatu.

“Mujomba, huku zile pine ni sheria. Tangu tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 15 mwezi wa tatu, polisi akikukuta bila pine za theluji, unalipa amande. Lakini mwezi wa ine ukifika kila mutu anazivua, anaziweka mu depo. Ukibaki nazo wakati wa joto zinakwisha sawa sabuni. Sasa wewe, Mujomba, uko nazo mwaka muzima!”

Kwa kweli sheria hiyo ya Québec ilianza mwaka 2008, na tarehe yake ya kuanza ilibadilishwa kutoka tarehe 15 hadi tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili. Watu wa kule hawangojei theluji ianguke ndipo watafute fundi. Kuna tarehe, na kila mtu anaijua. Mpwa yule alieleza vitu vingine pia: kabla ya safari ya baridi wanapima batri, wanaangalia maji ya radiatere, wanabadili mipira ya kufutia kioo, wanaweka blanketi na koleo ndani ya motokari. Shofere alipomaliza kusikiliza aligundua kwamba kati ya vyote alivyonavyo mpwa wake huko Montréal, alichokosa yeye Likasi ni ile tarehe.

Kesho yake alikwenda kwa fundi anayemwamini, garaji ndogo chini ya mwembe. Fundi alichuchumaa na kumfundisha kusoma pine, jambo ambalo kila mwenye motokari Likasi anaweza kulifanya bila kulipa.

La kwanza ni umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Namba 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa depo. Unakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Pine yenye mifereji mirefu na miaka kumi mgongoni si mpya, hata ikipakwa rangi nyeusi mpaka ing’ae. Wakati mwingine namba hizo ziko ubavu wa ndani, kwa hiyo muuzaji lazima aigeuze. Akikataa kuigeuza, ameshajibu.

La pili ni uzito. Baada ya vipimo vya pine kuna namba na herufi, kwa mfano 91Q au 91H. Namba 91 inamaanisha pine moja inabeba kilo 615. Nne zinabeba 2,460, na humo motokari yenyewe imo. Noah tupu ina zaidi ya kilo 1,500. Weka watu tisa, mifuko sita ya unga ya kilo 25 na mizigo ya juu, kisha hesabu mwenyewe kilichobaki. Herufi ni mwendo: Q, inayoonekana sana kwenye pine za theluji za Japani, ni kilomita 160 kwa saa. Hakuna anayefika huko kwenye barabara yetu, lakini herufi ndogo na mzigo mkubwa na joto la mwezi wa kumi vikikutana, pine haipumziki.

La tatu ni mifereji. Kipimo cha mwisho cha kisheria Japani na Ulaya ni milimita 1.6, na ndani ya mfereji kuna vijiwe vinavyokuonyesha mwisho huo. Kwa mvua usingoje kufika hapo. Kazi ya mfereji ni kutoa maji chini ya pine. Maji yasipopata njia, motokari inaelea juu yake kama mtumbwi, na hapo freni na usukani ni pambo.

La nne ni upepo, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Kwenye mlango wa shofere kuna karatasi iliyobandikwa, hata kama imeandikwa Kijapani. Tafuta namba kama 220 au 240: ni kilopaskali, yaani bari 2.2 au 2.4. Pima asubuhi, kabla motokari haijatembea, maana pine ya moto inadanganya. Pine yenye upepo kidogo inajipinda, inajichemsha kwa ndani, na siku moja inapasuka ikiwa na mzigo. Watu wakisema ni lami mbaya, mara nyingi ni upepo.

Halafu fundi alifungua boneti. Hapa, alisema, nchi za theluji zimetuachia kitu kizuri na sisi tunakimwaga. Motokari ya Japani inafika na maji ya rangi ndani ya radiatere, mekundu au ya kijani. Yakipungua, watu wanaongeza maji ya bomba, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka rangi inakwisha. Wanasema dawa ile ni ya kuzuia barafu, na hapa hakuna barafu. Ni kweli, inazuia barafu: ikichanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka zaidi ya digrii 30 chini ya sifuri. Lakini dawa ileile inazuia kutu ndani ya injini, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Likasi iko juu. Maji matupu hapa yanachemka karibu na digrii 96, si 100. Mfuniko wa radiatere ukiwa mchovu, lori likiwa mbele yako na mlima haujaisha, zile digrii chache ndizo zinazokuacha kando ya barabara usiku.

Aliingia pia chini ya motokari na tochi. Kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chuma. Motokari inaweza kung’aa juu kama sahani na chini ikawa imeoza, hasa mabomba ya freni na mahali zinaposhikilia springi. Noah ile ilikuwa na kutu, lakini bomba moja tu la freni ndilo lililohitaji kubadilishwa. Fundi alimwonyesha kwa ukucha: alikwangua, na unga mwekundu ukaanguka. Shofere aliuliza lingedumu hadi lini. Fundi akasema, “Mupaka siku utakanyaga nguvu.”

Batri ilikuwa nzima. Mipira ya kufutia kioo ilikuwa imekaushwa na jua la miezi sita, ikichora kioo bila kukifuta; ikabadilishwa. Taa moja ya nyuma haikuwaka. Kwenye mvua kubwa ya saa kumi jioni, taa ya nyuma ndiyo jina lako. Lori linalokufuata halina njia nyingine ya kujua kwamba upo.

Ikabaki hesabu ya pesa. Baada ya bomba la freni, dawa ya radiatere na mipira ya kioo, zilitosha pine mbili za kawaida zenye umri mzuri, au nne za okazio zenye mlima na theluji ubavuni. Muuzaji alizipiga zile nne kwa kiganja. “Papa, hizi zinatoka ku Japon. Ona mifereji. Mu mvua zitakamata sawa makucha ya chui.” Hakuwa anadanganya kwa kusudi, hivyo ndivyo naye alivyoambiwa. Shofere aliinama, akafuta vumbi, akasoma. Alichukua mbili za kawaida.

Wenzake walibishana naye kuhusu mahali pa kuzifunga. Noah ile inavuta kwa mbele, kwa hiyo wengi walisema pine nzuri zikae mbele. Fundi alisema nyuma, na viwanda vya pine vinasema hivyo hivyo. Mbele ikiteleza, shofere anahisi kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, motokari inageuka yenyewe na wewe unakuwa msafiri kama wengine. Mpaka apate mbili nyingine, alikubali kwenda na mbili mpya nyuma na mbili za zamani mbele. Akakubali na sharti la fundi: kilomita 60 kwa saa kwenye maji, hata wasafiri wanune. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu freni zinaposhika unaongezeka mara nne. Hesabu hiyo haijali pine inatoka wapi.

Sharti hilo lilimgharimu. Watu wawili walishuka siku ya kwanza na kwenda kwa motokari nyingine, wakisema hawakulipa kufuata maiti. Kwa wiki mbili alifanya safari moja kwa siku badala ya moja na nusu. Mke wake alitaka kujua pesa ya masomo ya mwezi huo itatoka wapi. Alimjibu kwamba haijui bado, na hilo lilikuwa kweli. Ilitoka kwa shemeji yake, kwa deni, na deni hilo bado lipo.

Siku ya daktari ilipofika, mawingu yalikuwa meusi tangu alfajiri. Alimwambia mama yake wangoje. Mama hakupenda. Alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri tangu saa kumi na moja, na daktari ana watu wengi. Wakakaa chini ya baraza mpaka mvua ikapiga, ikaosha barabara kwa muda wa saa moja, ikapungua. Waliondoka saa mbili na nusu.

Usukani wa Noah uko kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo shofere anayetaka kulipita lori lazima atoe nusu ya motokari kabla hajaona mbele. Kwa kawaida msafiri wa kiti cha kushoto ndiye anayekuwa macho yake, anamwambia pita au ngoja. Siku hiyo kiti hicho alikikalia mama yake, mwenye jicho moja linaloona nusu. Shofere hakupita lori hata moja. Walilifuata moja lililobeba shaba kutoka kabla ya daraja la Lufira, wakaacha nafasi kubwa, na kila aliyetaka kujipenyeza katika nafasi hiyo alijipenyeza. Kwenye mteremko ule alipunguza gia juu kabisa, kabla ya kuhitaji freni. Kinga za makala zilikuwepo, tatu zikifuatana. Mama alilala.

Walifika wamechelewa, na daktari alimpokea wa mwisho. Presha ya jicho ilikuwa imeshuka. Siku nyingine ikapangwa, wiki sita mbele, katikati ya mvua kubwa.

Zile pine mbili za theluji zilizotolewa nyuma, muuzaji alikuwa tayari kuzinunua. Alisema zitapata mtu, bado zina mifereji kidogo. Pesa hiyo ingelipa sehemu ya deni la shemeji. Shofere alizibeba mpaka garaji na kumwomba fundi akate mbavu zake kwa msumeno, ili zisifungwe tena kwenye gurudumu lolote. Moja sasa imezunguka mche wa mparachichi nyuma ya nyumba yake. Nyingine watoto wanaikalia. Mbili za mbele zitafuata njia hiyo mwezi zitakapobadilishwa.

Kwa wasomaji wenye motokari, Likasi, Panda, Shituru na Kikula, jambo la kuchukua hapa ni dogo. Watu wa theluji wana tarehe. Na sisi tujiwekee yetu. Iwe tarehe 1 ya mwezi wa kumi, kabla wingu la kwanza halijasimama juu ya mji. Siku hiyo pima upepo asubuhi, soma namba nne ubavuni, tia mkono ndani ya mifereji, tazama rangi ya maji ya radiatere, badili mipira ya kioo, washa taa zote na mwombe mtoto asimame nyuma akuambie ipi haiwaki. Ukikuta mlima na nyota ya theluji ubavuni mwa pine yako, usiogope na usijisifu. Anza kuweka pesa kando ya kuzibadili, mbili mbili kama huwezi nne, na mpaka siku hiyo punguza mwendo. Mwenye kinga ya makala hana namna ya kujua umefunga pine gani. Anasukuma tu, akiamini kwamba utasimama.